Miguu ya Mama Mkwe

Siku hizi aliyeumia uti wa mgongo haachwi kitandani. Hupandikizwa kifaa mgongoni, na mtu wa jamaa zake humwazima mwendo wake, miguu ikauiga pamoja na desturi zake. Shaame, aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu, aliazimwa na mama mkwe wake, Bi Raya, kwa kuwa mwendo wa wengine wote mwili wake uliukataa.

Akarudi nyumbani kwa hatua fupi za kike, majirani wakimcheka huku wanalia. Akapita ukumbini vizuri, lakini kufika mlango wa chumbani kwake, miguu ikagoma.

"Ingia basi," alisema mkewe, Mkasi.

"Haitaki!"

Mkasi akajishika kichwa. Tangu waoane, mama yake hajawahi kukivuka kizingiti kile. Mama mkwe na chumba cha mkwewe, wapi na wapi!

Akaitwa Bi Raya. Alikataa katakata, akasema bora afe. Mwisho akajitanda kanga mpaka machoni, akamshika Shaame mkono.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama," Mkasi akaitikia kutoka ndani.

Akavuka, na miguu ya Shaame ikavuka pamoja naye. Mkasi akapiga kigelegele.

Haya zikamzidi Bi Raya, akatoka mbio. Miguu ya Shaame nayo ikageuka kumfuata. Shaame akaung'ang'ania ubao wa kitanda, akainama, akaisemesha miguu yake kwa upole, kama anayemtuliza mgeni.

"Tulia, mama. Hapa ni kwako pia."

Miguu ikatulia.

Mkasi akaanza kigelegele kingine, kikakatika alipoiona miguu ya mama yake imetulia kando ya kitanda chake.