Usikate Hata Kikohozi

Bibi Kulwa alikubali kusema kila kitu mbele ya simu, ila kuimba alikataa katakata.

"Ubeti mmoja tu, Bibi," Agatha alibembeleza. "Ni kwa ajili ya Babu."

"Nimeshasema. Koo langu lilibaki bondeni na pacha wangu. Uliza hayo ya maji, nikapalilie mihogo yangu."

Agatha aliumia, maana binti huyu alikuwa na lake moyoni. Mwalimu Lameck, wa historia kidato cha tatu, alikuwa amewatuma wakawarekodi wazee wakieleza watu walivyopata maji kabla ya mabomba kufika. Rekodi bora ingesikilizwa siku ya wazazi. Wenzake walitaka sifa. Yeye alitaka Babu Nikolao aisikie tena, japo mara moja kabla hajafa, sauti iliyomfanya aoe.

Kisa chenyewe pale kijijini Mkunya hakuna asiyekijua. Kulwa na Doto walifanana mpaka shangazi yao aliyewalea akawavika shanga za rangi mbili, asije akamlisha mmoja mara mbili na mwingine akalala njaa. Ukiwavua shanga, tofauti ilibaki moja: Kulwa aliimba. Akianza yeye kanisani, hata waliokuwa nje wanapiga soga waliingia. Nikolao akamposa, kisha akaenda Tanga kukata mkonge apate mahari. Huku nyuma, mwaka sitini na nane, pacha wakashuka bondeni alfajiri kuteka maji. Doto akaanguka gengeni, akafa. Kulwa akapanda peke yake, mtungi mtupu kichwani.

Nikolao alirudi, akamwoa mchumba wake. Wimbo hakuukuta. Akasema ni majonzi, akavumilia miaka hamsini na sita. Hata jina la mkewe aliacha kulitaja, kwani ukisema Kulwa ni lazima mtu amkumbuke Doto; tangu kifungua mimba azaliwe, akawa Mama Yohana tu. Kila Pasaka alikwenda peke yake kulifyekea kaburi la shemeji yake. Mkewe hakuwahi kukanyaga pale, naye hakumlaumu. Mwanamume wa namna hiyo utamtafuta kwa tochi mchana.

Sasa, Mwalimu Lameck alikuwa na masharti mawili, na kwa masharti hayo hakuwa na mchezo. La kwanza: sauti ya mzee usiikate, hata kikohozi kiache. La pili: mzee akianza kufupisha, muulize, alisemaje? Aseme kama ilivyosemwa siku ile, siyo kukusimulia juu juu.

Basi Bibi alieleza, na alieleza vizuri. Alieleza mtungi na kata yake, njia ya mawe, chemchemi iliyotoa maji kwa uchoyo, wanawake waliotukanana kwenye foleni. Alipofika gengeni akaanza kuyakimbiza maneno.

"Akateleza. Nikamshika mkono, ukaponyoka. Basi, zima."

"Alisemaje, Bibi?"

Bibi alifumba macho, na kinywa cha kikongwe kikatoa sauti ya msichana.

"Doto, usiniache! Usiniache, Doto!"

Kuku walitawanyika uani. Bibi akalia, Agatha naye akalia, wakashikana pale mkekani mpaka simu ikajizima yenyewe.

"Hapo mwisho ukakate, mjukuu wangu," Bibi alisema akijifuta. "Babu yako asisikie."

"Sawa, Bibi."

Hakukata. Kwanza, masharti ya mwalimu. Pili, katika kilio kile alikuwa amesikia kitu ambacho Babu alikingoja tangu ujana wake: sauti iliyobaki bondeni. Kama si wimbo, basi hicho. Alilala na furaha yake usiku kucha, maskini.

Siku ya wazazi darasa lilijaa mpaka madirishani. Spika iliazimwa kanisani. Babu Nikolao aliketi benchi la mbele, mkongojo katikati ya magoti, na Bibi kando yake kwa khanga mpya. Rekodi ya Agatha ndiyo iliyochaguliwa. Watu walicheka kwenye matusi ya foleni, wakaguna kwenye njia ya mawe, na Bibi mwenyewe akatabasamu. Kisha kilio kikatoka.

Hakuna aliyekohoa. Wanawake wawili walimwegemea Bibi, wakampapasa mgongo, naye akajifunika uso wote kwa khanga, mabega yakimtikisika. Mwalimu Lameck alivua miwani. Agatha alimtazama Babu tu. Babu hakulia.

"Rudisha nyuma, mwanangu," Babu alisema. "Pale unapouliza."

Agatha akarudisha.

*Alisemaje, Bibi?*

*Doto, usiniache! Usiniache, Doto!*

"Tena."

Akarudisha tena. Babu alisikiliza ameinamisha kichwa, sikio kwenye spika, vidole vimeukaza mkongojo. Iliponyamaza, hakugeuka. Aliita polepole tu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye jikoni.

"Doto."

"Abee," akaitika Mama Yohana ndani ya khanga.