Kilima Kisicho na Stika

Orval Haugen alibandika stika yake ya kijani katikati ya kinamasi ambacho hata chura hukiingia shingo upande.

"Hapa ndipo msitu unapokunufaisha, Bwana Haugen?" aliuliza Denise Yarrow, mpimaji wa misitu. Alikuwa ametandaza ramani katika ukumbi wa Pell Creek ili kila mkazi aonyeshe anakopata kuni, matunda, uyoga au utulivu wa moyo.

"Ndiyo, dada. Napenda hewa yake."

Mkewe, Lorna, alibandika yake kwenye maegesho kando ya barabara kuu. "Kuna kivuli," alisema.

Ukweli ni kwamba Orval alikuwa na mahali pake, upande wa juu wa Kilima cha Tolliver, chini ya misonobari mikongwe. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, uyoga wa rangi ya dhahabu ulijaa pale. Marehemu baba yake alimwonyesha akamwapisha asimwambie mtu, hata mke. Kila vuli Orval aliegesha gari mbali, akaenda kwa kuzunguka, akarudi kwa njia nyingine. Adui zake walikuwa paa tu, ambao miaka mingine walimtangulia na kuacha vishina vimekatwa vizuri kabisa, kama kwa kisu. Paa wa Oregon wana meno makali.

Lorna naye alikuwa na mahali pake, na Orval hakuwahi kuuliza. Kwa watu wa Pell Creek hiyo ndiyo heshima ya ndoa.

Theluji ilipoyeyuka, Denise alirudi na ramani iliyokamilika. Stika zilijaa kinamasini, majabalini, hata jalalani.

"Tumebahatika," alisema. "Kilima cha Tolliver hakina stika hata moja. Kwa kuwa hakimfai mtu, miti yake yote itakatwa. Mwenye pingamizi asimame sasa, aonyeshe ni wapi hasa anaponufaika."

Orval alipiga hesabu. Akinyamaza, misonobari ya baba yake imekwisha. Akisema, vuli ijayo mji mzima utakuwa kule na ndoo. Roho ilimuuma kwelikweli.

"Mzee, mbona jasho linakutoka?" Lorna alimnong'oneza.

"Na wewe je?"

"Joto la jiko hilo la ukumbini."

Mficha uchi hazai. Orval alifumba macho, akamwomba baba yake radhi kimoyomoyo, akasimama na kunyoosha kidole kwenye upande wa juu wa kilima. Akasikia viti vikiburutwa.

Alipofumbua macho, Lorna alikuwa amesimama kando yake, kidole kimeelekea palepale. Nyuma yao ukumbi mzima ulikuwa wima, mikono imenyooshwa, mchungaji wa kanisa akiwa mbele, na kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake kama mwizi.