Kabati Jekundu la Maua Meupe

"Usiguse! Gundi bado mbichi," bibi alimwonya mumewe mlangoni.

Mzee akarudisha mikono mgongoni, akaingia chumbani kama mkaguzi aliyetumwa na serikali. Miaka thelathini na miwili alikuwa dereva wa basi. Leo anakagua samani. Ukistaafu, vyeo vinakuja vyenyewe.

Dau lilikuwa wazi. Bibi alitaka funguo za gari apewe mkwe wao, tangu siku ile nguzo ya geti ilipokuja kujigonga kwenye bampa. Ndivyo mzee alivyolieleza tukio lenyewe: yeye alikuwa kwenye njia yake, nguzo ndiyo iliyomfuata. Waligombana wiki nzima, mpaka bibi akasema, "Haya. Nitakipamba chumba chetu kizima kwa vitambaa, samani zote. Ukipata kasoro hata moja, endesha mpaka uchoke. Ukikosa, funguo nachukua mimi."

Kasoro hata moja! Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mtu aliyewahi kukosoa machweo ya jua, ashindwe na kabati?

Siku mbili akalazwa sebuleni kwenye kochi. Kupitia mlango uliofungwa alisikia mkasi ukikata, brashi ikigonga kopo la gundi, na bibi akijisifu kwa sauti: kabati jekundu la maua meupe, droo za mistari ya kijani, kichwa cha kitanda rangi ya chungwa, stuli ya zambarau. Mzee akazikariri zote, na matusi yake akayaandaa mapema.

Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nje, wajukuu watatu walishakaa garini na mabegi yao ya shule, wakipiga honi kwa zamu. Babu aliwaahidi atawapeleka mwenyewe.

"Mh," mzee alisema, amesimama mbele ya kabati. "Hili ni kabati au bucha?"

"Wekundu umezidi?"

"Umezidi? Zimamoto wakipita watafikiri ni gari lao. Na hayo maua meupe, kama mtu kamwaga sabuni ya unga."

Bibi akasogea penye droo. Mzee akanogewa.

"Na mistari ya droo, baba watoto? Mimi naona kama imenyooka."

"Imenyooka wapi? Imepinda kama njia ya mlevi anayekwenda kwa mama mkwe. Ningeendesha basi hivyo, abiria wote wangeshukia hospitali."

"Kichwa cha kitanda je?"

"Na chungwa lile? Mtu si atajimenya usingizini!"

"Basi hata stuli haikukupendeza?"

"Stuli maskini ya Mungu. Umeivisha zambarau, imekuwa kama shangazi yako kwenye harusi asiyoalikwa."

Honi ikalia tena, ndefu. Binti yao, mama wa wale watoto, akaingia kumharakisha babake. Ndiye aliyekuwa akimtetea wiki nzima: mama, unamwonea baba bure, nguzo yenyewe ilikaa vibaya.

"Umekuja wakati mzuri, mwanangu," mzee alisema, akizizungusha funguo kidoleni. "Kasoro nne! Nilitakiwa kutoa moja tu, nimetoa na akiba. Tazama mwenyewe halafu umwambie mama yako nani dereva wa nyumba hii."

"Ni kweli, ameshinda," bibi alisema taratibu. "Hebu tazama, binti yangu. Tazama vizuri."

Binti akatazama. Kabati lilikuwa lile lile la kahawia, mbao tupu, na mikwaruzo aliyoichora yeye mwenyewe kwa msumari akiwa na miaka mitano. Droo zilikuwa zile zile, stuli ile ile. Sakafuni yametapakaa magazeti yaliyokatwakatwa. Na vitambaa, vyekundu na vya kijani na vya zambarau, vilikuwa juu ya kitanda, vimekunjwa ndani ya mfuko wa dukani, havijaguswa.

Alimpokonya babake funguo na kutoka mbio kwenda kuwashusha watoto garini.