Kitambaa cha Kioo Kilichopinda

Mbaraka alipokitoa kioo cha kompyuta kwenye boksi na kukisimamisha mezani, mkewe Tunu alikizunguka, akakichungulia kwa nyuma, kisha akasema, "Wamekuuzia kilichopinda."

"Kimepindwa makusudi, mke wangu. Ukicheza gemu, unajiona uko ndani ya gari."

"Makusudi ya nani?" Tunu akauliza, akarudi jikoni.

Katika nyumba ile, kitu alichokikubali Tunu kilifunikwa kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Redio ilikuwa nacho, hata jagi la maji lilikuwa nacho. Kochi walilopewa na wifi yake lilikuwa bado uchi, na wifi alijua kwa nini. Basi kila jioni Mbaraka alicheza mbele ya kioo kitupu, sauti ameipunguza, kama mgeni.

Ijumaa moja alimkuta mkewe akikipima kioo kwa kitambaa cha televisheni yao ya zamani. Kilifunika katikati tu. Pembe zote mbili zilibaki nje.

"Kipana kama mlango," Tunu alisema. "Haya, keti ucheze."

Mbaraka akakiwasha, akaketi. Tunu akachukua uzi mweupe na sindano ya kufumia, akamsukuma kidogo kwa nyonga.

"Sogea. Huku pembeni sioni vizuri."

Magari yakaondoka. Kitambaa kililala juu ya magoti yao, kikirefuka taratibu. Vidole vya Tunu vilifuma vyenyewe, macho yake yakiwa barabarani, na kila kona ilipofika, wote wawili waliinamia upande mmoja.