Jibu la Darasa Zima

"Uchafu mtupu!" Bwana Musyimi alisema, akazitupa karatasi mezani kama mtu aliyeshika panya aliyeoza.

Karatasi zote za kemia za kidato cha nne zilisema kitu kimoja: asidi iliyotumika, sentimita 24.0 za ujazo. Hakuna aliyepata 23.9. Hakuna aliyepata 24.1. Afisa huyo wa elimu alikuwa ametoka Voi kuchunguza wizi wa mtihani, na barabara ya kuja Kasigau ilikuwa imemtikisa mpaka akashuka garini akitema mate. Neno lake moja tu, na kemia ya darasa zima ingefutwa.

Branice, mwanafunzi aliyeitwa kwanza, alisimama mbele ya ubao. Alitaka kusomea uuguzi. Bila kemia, ni kurudi nyumbani Rukanga kupiga mabati kufukuza ndovu shambani.

"Ni wewe waliyemnakili?"

"Hapana, sir. Kila mtu alipiga hesabu yake."

"Usiniletee hizo. Chukua chaki. Tuseme asidi ilikuwa ishirini, si ishirini na nne."

Branice akaandika mlinganyo, akausawazisha: asidi ya salfuriki moja, sodiamu haidroksaidi mbili. Akatafuta moli za asidi, akazidisha kwa mbili, akagawanya kwa ujazo wa ile alkali.

"0.08 moli kwa lita, sir."

Bwana Musyimi alichungulia simu kuhakikisha. Hakusema "vizuri". Watu wa aina yake hawana neno hilo.

"Basi hiyo 24.0 mliitoa wapi nyote?"

"Tuliisoma pamoja, sir. Bureti ni moja, tena ya zamani. Tulipanga foleni, mwenzetu Mbinya akafungua koki, asidi ikashuka, kila mtu akasoma pale iliposimama."

"Na wafupi tuliwainua!" sauti ikatoka nyuma. Darasa likacheka.

Bwana Musyimi hakucheka. Alimgeukia Madam Mutindi, mwalimu wao wa kemia, akamwangalia kuanzia viatu.

"Darasa zima, bomba moja la kupimia? Vingine mliuza?"

"Hatukuuza, bwana. Maabara mpya iko hapo nje. Imejaa bureti, zingine bado ziko kwenye maboksi. Imefungwa kwa kufuli."

"Imefungwa! Watoto wanashikwa kama wezi na vifaa vimefungiwa? Nani aliamuru upumbavu huu?"

"Tuliambiwa isiguswe mpaka mgeni rasmi akate utepe. Tumemwalika mpaka tumechoka. Tukipiga simu, karani wake anasema bosi yuko mkutanoni, tungojee."

"Karani! Mkutano!" Mshipa wa shingo ulimsimama. "Naapa, ripoti yangu itaanza na huyo mtu, si na hawa watoto. Mtu kama huyo hafai hata kuchunga mbuzi. Nipe jina lake."

Madam Mutindi alimwongoza nje hadi kwenye mlango wa maabara, ambapo kipande cha pazia kilichojaa vumbi kilining'inia ukutani, akakivuta kando.

Maandishi ya dhahabu yalikuwa yamechongwa kwenye jiwe, pamoja na tarehe iliyopangwa, ya mwaka uliopita: MAABARA HII ILIFUNGULIWA RASMI NA BW. KITHEKA MUSYIMI, AFISA WA ELIMU.