Kura ya Kiti cha Nane

"Ndiyo," katibu alisoma kura ya kwanza, na wajumbe wote saba wakatulia kama waliomwagiwa maji.

Ajabu hiyo! Saa mbili nzima bodi ya benki ile ya Kiislamu ilikuwa ikipinga kwa mishipa ya shingo hoja ya kumpa mwanamke kiti cha nane. Mwanamke mwenyewe alikuwa mkaguzi wao wa zamani. Alikuwa amewaandikia kurasa tatu tu: faida wanayogawiwa wateja imeshuka miaka mitatu mfululizo, na benki ya ng'ambo ya barabara, yenye wanawake wawili kwenye bodi, inapanda tu.

"Sadfa," mwenyekiti alikuwa amesema. "Riziki haiangalii nani kakalia kiti." Kisha akaapa: siku mwanamke akiingia humu, yeye anatoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye uenyekiti, na aliupenda kuliko alivyokiri.

Sheikh wa bodi alikuwa amekohoa. "Dini haijamkataza, tusiisingizie. Mimi nakataa kwa sababu zangu."

"Zipi?"

"Anauliza sana."

Hoja hiyo ndiyo iliyoungwa mkono kuliko zote.

Sasa bodi hii ina utaratibu wake. Karatasi za kura hupelekwa majumbani siku mbili kabla, ili kila mjumbe aswali istikhara kwanza, kumwomba Mungu amwongoze, kisha aandike, afunge bahasha, aje aitumbukize sandukuni.

"Mmoja ana haki yake," mwenyekiti alisema, kwa upole usio wake. "Tusitafutane. Endelea, katibu."

"Ndiyo," katibu akasoma ya pili.

Chai ikampalia mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa mbao.

"Nyingine tena?" Mwenyekiti akainuka. "Nani huyu?"

Ya tatu, ndiyo. Sheikh akatoa leso, akafuta jasho lililokuwa limeanza kumtoka kipajini. Ya nne, ndiyo, na hapo mkaguzi akawa ameshapita.

"Wanaume wazima!" mwenyekiti alifoka, mkono umeng'ang'ania mgongo wa kiti chake. "Mdomoni hapana, kwenye karatasi ndiyo! Hamna hata haya? Mnataka nitoke, semeni basi!"

Kila mmoja alimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni, kisha akatazama meza. Ya tano, ndiyo. Ya sita, ndiyo.

Katibu akaitoa ya mwisho. Mwenyekiti akamwahi, akaifunika kwa kiganja.

"Hii haina haja," akasema.

Alilitambua doa la chai kwenye bahasha. Aliifunga mwenyewe nyumbani, mkewe kamsimamia mikono kiunoni, naye akijipa moyo kwamba ndiyo yake moja haitadhuru kitu mbele ya hapana sita.