Shairi Moja kwa Kila Marehemu

Sheria iliruhusu kila marehemu abakishiwe shairi moja tu; mengine yalifutwa, hata vichwani mwa walioyahifadhi. Mama yake Mwanakombo alikuwa ameacha mawili, moja kwa kila binti, hivyo Mwanakombo, binti mdogo na mwalimu wa fasihi, akatakiwa kuandika insha ya kuyalinganisha, ili lililo bora libaki.

Akaanza kupanga hoja: vina, mizani, vituo. Lake lilikuwa zuri zaidi, waziwazi.

Dada yake, Mkejina, akapiga simu akilia. "Mdogo wangu, najua langu linachechemea. Lakini humo mama alinitaja jina."

"Usilie, dada. Lako ndilo bora."

Aliuandika uongo huo kurasa tatu, akautuma. Asubuhi iliyofuata, akikanda unga, alifungua kinywa aimbe kama kawaida yake, akaduwaa. Hakujua alitaka kuimba nini, wala kwa nini machozi yalikuwa yakimtoka.